Muziki Unakatika Ukifungua Programu Nyingine: Jinsi ya Kumnasa Mhusika na Kumdhibiti

Muziki ukisimama wenyewe, wengi hukimbilia kufuta programu ya muziki na kuipakua upya. Mara nyingi hiyo ndiyo isiyo na kosa. Husimama kwa sababu programu nyingine imeiambia ipishe, au kwa sababu simu imeifunga ili kuokoa betri, au kwa sababu njia ya sauti imekatika huko kwenye hedifoni. Haya matatu yanafanana sikioni lakini kila moja lina tiba yake, na ukianza kutibu kabla ya kujua ugonjwa utageuza mipangilio yote ya simu na muziki utaendelea kukatika vilevile.

Kwa hiyo tutaanza na uchunguzi. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza ndani ya alama za nukuu, kwa kuwa ndivyo yalivyo kwenye simu nyingi. Yanaweza kutofautiana kidogo kutegemea kampuni na toleo.

Kwanza elewa zamu ya sauti

Kwenye Android, programu inayotaka kutoa sauti inatakiwa kuomba zamu kwanza. Utaratibu huu upo tangu Android 2.2. Maombi yako ya aina nne, na tofauti yake ndiyo inayoeleza karibu kila kinachokukera. Ombi la kwanza ni la kudumu: "nipe zamu, sijui nitaiachia lini." Muziki wako hapo husimama na haurudi mpaka ubonyeze mwenyewe. La pili ni la muda: programu inasema kitu chake kisha inaiachia, na muziki unaendelea. La tatu pia ni la muda, lakini linaruhusu mwenzake aendelee kwa sauti ya chini, kama inavyotokea ramani inapokuambia ukate kulia. La nne ni la muda na halitaki mwingine asikike kabisa, kwa mfano wakati wa kurekodi.

Anayechagua aina ya ombi ni mtengenezaji wa programu. Akichagua la kudumu kwa ajili ya mlio wa sekunde mbili, wimbo wako umekwisha.

Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa la kiungwana tu: mfumo ulitoa taarifa, na programu iliyokuwa ikicheza ikaamua yenyewe kutii au kutotii. Ndiyo maana kwenye simu za zamani ulikuwa ukisikia sauti mbili zikigongana. Kuanzia Android 8.0 ya mwaka 2017 mfumo wenyewe unaweza kushusha sauti ya programu inayopisha, na tangu Android 12 ya 2021 unaififisha programu iliyonyang'anywa zamu hata kama yenyewe haikutaka kunyamaza. Ukibadilisha simu ukahisi muziki unakatika kuliko zamani, huenda hiyo ndiyo sababu.

Kwenye iPhone kila programu hujiweka katika kundi la sauti. Kuna kundi linalokubali kuchanganyika na muziki wa wengine, na kuna yasiyokubali. Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui ni hili: kundi ambalo programu hupewa ikiwa mtengenezaji hakuchagua lolote ni lile linalonyamazisha wengine. Programu nyingi zinazokukatia muziki hazikukusudia. Mtengenezaji hakufikiria tu kwamba kuna mtu atakuwa anasikiliza wimbo huku akiitumia.

Na hapa pana kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: kushusha sauti ya programu msumbufu hadi sifuri. Kunyamaza si kuachia zamu. Programu inaweza kushika zamu huku haitoi hata mlio, na muziki wako ukabaki umesimama kwa ajili ya ukimya wa mwenzake.

Soma kadi ya muziki kabla hujagusa chochote

Muziki ukikatika, usibonyeze cheza haraka. Vuta pazia la arifa chini, au Control Center kwenye iPhone, uangalie kadi ya muziki kwa sekunde tano.

Kadi ipo, inaonyesha wimbo umesitishwa, na ukibonyeza cheza unaendelea papo hapo pale ulipoishia: mtu amechukua zamu. Kama kadi sasa inaonyesha jina la programu nyingine, umeshamjua.

Kadi imetoweka, au ipo lakini ukibonyeza cheza programu inafunguka upya kama ndiyo kwanza unaianzisha: imefungwa na simu. Usitegemee kuwepo kwa kadi peke yake, kwa sababu tangu Android 11 kadi inaweza kubaki hata baada ya programu kufa. Angalia inavyoamka.

Wimbo unaonekana unacheza lakini dakika hazisogei: ni mtandao. Pakua nyimbo kadhaa, weka hali ya ndege, ujaribu tena. Zikicheza bila kukatika, acha kusoma hapa ukashughulikie intaneti, ukianza na "Data saver", ambayo huzuia programu kutumia data ukiwa huitazami.

Dakika zinasogea lakini husikii kitu: sauti imeelekezwa kwingine, labda spika ya Bluetooth iliyoko chumba cha pili. Gusa alama ya kifaa cha kutolea sauti kwenye kadi hiyohiyo, urudishe unapotaka.

Angalia pia saa. Ukikatika kila unapofungua programu fulani, ni zamu. Ukikatika dakika chache baada ya skrini kuzima, ni betri. Ukikatika unapogeuza shingo au kuingiza simu mfukoni, ni hedifoni.

Ukishajua ni zamu

Anza ndani ya programu yenyewe, maana mara nyingi dawa iko humo. Mitandao ya kijamii yenye video zinazojicheza huwa na sehemu ya kuzuia video kuanza na sauti. Facebook, kwa mfano, inayo kwenye "Media" ndani ya mipangilio yake, pamoja na swichi ya kuzuia video kujicheza. Zima zote mbili, kwa kuwa video isiyojicheza haina sababu ya kuomba zamu. Usisahau milio midogo ya ndani ya programu, ile ya kupenda na kuvuta ukurasa. Kwenye WhatsApp, milio ya ndani ya mazungumzo ni "Conversation tones", ipo ndani ya "Notifications".

Gemu zina hali mbili. Nyingi zilizotengenezwa vizuri hukagua kama kuna muziki unacheza, zikauacha na kuzima wa kwao. Nyingine zinahitaji uzime swichi ya muziki ndani ya gemu, na hapo tofauti ya kuzima na kushusha inakuwa kubwa: swichi ikizimwa, gemu inaweza kuacha kabisa kuomba zamu, ilhali kitelezi cha sauti kikifika sifuri bado inaomba. Tangazo la video katikati ya gemu ni jambo jingine. Hilo linaomba zamu lenyewe, na mipangilio ya gemu hailifikii.

Arifa nazo zinashusha muziki kila zinapolia, na kundi la mazungumzo lenye watu wengi linaweza kuufanya wimbo upande na kushuka kama wimbi. Kwenye Android bonyeza arifa yenyewe bila kuachia, chagua "Silent", na ni aina hiyo tu ya arifa za programu hiyo itakayonyamaza.

Kurekodi video na ujumbe wa sauti husimamisha muziki kwa makusudi, kwa kuwa kipaza sauti kingeunasa. Tangu iOS 18, iPhone zinazolikubali jambo hili zina swichi ya "Allow Audio Playback" chini ya "Record Sound" katika mipangilio ya kamera. Ukiiwasha, unaweza kurekodi huku wimbo ukiendelea.

Kama unachosikiliza ni podikasti au kitabu cha sauti, utaona kinasimama pale ambapo muziki ungeshushwa tu. Si hitilafu. Mifumo yote miwili inaruhusu maneno yasimamishwe badala ya kushushwa, ili usipoteze sentensi wakati ramani inaongea. Apple Maps ina swichi yake ya jambo hili kwenye mipangilio ya maelekezo.

Mbinu za iPhone

Hakuna swichi kwenye iPhone inayosema "programu hii isiguse muziki wangu." Lakini programu nyingi hunyamazisha wengine mara moja tu, zinapofunguka. Fungua programu, subiri itulie, shusha Control Center, bonyeza cheza. Mara nyingi muziki unarudi na kubaki.

Ukichoka kufanya hivyo kila siku, iachie programu ya Shortcuts ifanye. Ifungue, nenda "Automation", tengeneza mpya, chagua "App", taja programu inayokusumbua, acha "Is Opened" imechaguliwa, kisha "Run Immediately". Ongeza kitendo cha "Wait" kwa sekunde moja, halafu "Play/Pause" ukiweka "Play". Sekunde ile moja usiiruke. Bila hiyo, amri ya kucheza inafika kabla programu haijachukua zamu, na unanyamazishwa tena. Ubaya wake ni kwamba muziki utaanza hata siku ambayo hukuwa unasikiliza, basi iweke kwa programu moja au mbili tu.

Mbinu za Android, mpaka kwenye kumbukumbu ya mfumo

Baadhi ya kampuni zimeweka njia rahisi. Samsung ina programu yake ya Sound Assistant, yenye "Multi sound": unachagua programu inayoruhusiwa kucheza pamoja na nyingine. Simu za Samsung zina pia "Separate app sound" kwenye mipangilio ya sauti, inayopeleka sauti ya programu moja kwenye kifaa kingine, tuseme muziki kwenye spika na vingine vyote kwenye simu. Simu nyingi za Xiaomi zina "Sound assistant" ndani ya mipangilio ya sauti, yenye swichi ya kuruhusu programu kadhaa zicheze kwa pamoja.

Kama simu yako haina hayo, tumia kompyuta. Njia hii naipenda kuliko zote kwa sababu inamaliza kubahatisha. Miezi kadhaa nilikuwa nakatikiwa na muziki nikitembea jioni, na nilikwisha kuilaumu hedifoni, mtandao, hata simu. Kumbukumbu ya mfumo, yaani orodha ya matukio ambayo simu hujiandikia yenyewe, ilinionyesha programu ya mazoezi iliyokuwa ikitangaza kila kilomita. Sauti yake nilikuwa nimeishusha hadi sifuri muda mrefu uliopita, ndiyo maana sikuwahi kuisikia wala kuishuku.

Fanya hivi. Kwenye simu nenda "About phone", gusa "Build number" mara 7 mpaka uambiwe wewe sasa ni msanidi programu. Ingia "Developer options", washa "USB debugging". Kwenye kompyuta pakua "Platform-Tools" kutoka tovuti ya Android, unganisha simu kwa waya, na ukubali ombi litakalotokea kwenye skrini ya simu. Sikiliza muziki kama kawaida hadi ukatike, uunganishe simu tena mara moja, kisha ufungue dirisha la amri la kompyuta ndani ya folda ya Platform-Tools na uandike:

adb shell dumpsys audio > sauti.txt

Fungua faili hilo utafute neno "requestAudioFocus". Utaona mistari yenye tarehe na saa, na ndani ya kila mmoja vitu viwili vya kuangalia: "callingPack=", yaani jina la ndani la programu iliyoomba, na "req=", aina ya ombi. Namba 1 ni zamu ya kudumu, 2 ni ya muda, 3 ni ya muda inayokubali wengine washushwe, 4 ni ya muda isiyotaka mwingine. Linganisha saa na ile muziki ulipokatika. Mstari wenye req=1 kutoka programu ambayo hukuwa unaitumia ndio unaoutafuta. Usikawie, kwani kumbukumbu hii ni fupi na maingizo ya zamani hufutwa na mapya.

Ukishampata, unaweza kumzuia asichukue zamu. Weka jina la ndani ulilolikuta kwenye faili badala ya jina.la.programu:

adb shell appops set jina.la.programu TAKE_AUDIO_FOCUS ignore

Tangu hapo, ikiomba zamu inakataliwa, na muziki wako haupati taarifa yoyote ya kupisha. Kurudisha kama zamani, andika amri ileile ukimalizia na allow badala ya ignore. Programu nyingine zikikataliwa zamu hukataa kucheza sauti kabisa, kwa hiyo video zake zinaweza kugoma. Tafadhali usiifanyie programu ya kupiga simu: utapokea simu ya mtu huku wimbo unaendelea masikioni. Ukimaliza, zima "USB debugging".

Ukiwa bado ndani ya "Developer options", hakikisha "Background process limit" ipo kwenye "Standard limit" na "Don't keep activities" imezimwa. Kuna watu waliwahi kuzigusa kwa ushauri wa kuharakisha simu wakasahau, na tangu siku hiyo hawajasikiliza albamu moja hadi mwisho.

Ukishajua ni betri

Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta usingizi mzito wa simu, na Android 9 ya 2018 ikaongeza kuzipanga programu kwa jinsi unavyozitumia. Muziki unaocheza ukiwa na arifa yake kwenye pazia kwa kawaida unalindwa. Wanaouvunja ulinzi huo ni wasimamizi wa betri walioongezwa na kampuni za simu juu ya mfumo.

Fungua "Settings", "Apps", chagua programu ya muziki, "Battery", weka "Unrestricted". Kisha tafuta ulinzi wa kampuni yako. Samsung: kwenye "Background usage limits", itoe kwenye orodha ya zinazolazwa na uiweke kwenye zisizolazwa kamwe. Xiaomi: weka "No restrictions", washa "Autostart", halafu fungua orodha ya programu za karibuni uifungie kwa kufuli. Huawei: "App launch", zima usimamizi wa kiotomatiki na uwashe swichi zote tatu. OPPO na ndugu zake: ruhusu shughuli za nyuma ya pazia.

Programu za "kusafisha kumbukumbu" zifute. Kazi yake ni kufunga kinachofanya kazi ukiwa hukitazami, na muziki ni hicho hasa. Acha pia tabia ya kufagia programu zote kwenye skrini kila baada ya muda. Kwenye iPhone, kuifagia programu ya muziki kunaiua pamoja na wimbo.

Ukishajua ni hedifoni

Jaribio ni moja: sikiliza kwa spika ya simu kwa saa nzima. Usipokatika, umemaliza uchunguzi.

Simu inapohisi hedifoni imechomolewa, huziambia programu za muziki zisimame ili wimbo usilipuke hadharani. Tundu lenye vumbi au plagi iliyolegea huleta ujumbe huohuo kila unapopiga hatua. Safisha tundu kwa kijiti kikavu cha mbao, taratibu, simu ikiwa imezimwa. Unyevu nao huifanya simu idhani umebonyeza kitufe cha waya, na huo unaweza kusimamisha wimbo, kuruka mbele au kuamsha msaidizi wa sauti.

Hedifoni za Bluetooth zinazoshika vifaa viwili kwa wakati mmoja zina tatizo lake: kompyuta ikitoa mlio wa barua pepe, hedifoni zinahamia huko na wimbo wa simu unakoma. Tenganisha kifaa cha pili ujaribu. Zenye kihisi cha sikio zifute kihisi kwa kitambaa kikavu, au kizime kwenye mipangilio yake. Kwa AirPods swichi ni "Automatic Ear Detection".

Kama muziki haukatiki bali unageuka mwembamba, kama unatoka ndani ya kopo, kuna programu imefungua kipaza sauti na Bluetooth imehamia njia ya maongezi ya simu. Angalia juu ya skrini: nukta ya rangi ya chungwa kwenye iPhone tangu iOS 14, ya kijani kwenye Android tangu toleo la 12. Android hiyo ina pia "Privacy dashboard", inayoorodhesha waliotumia kipaza sauti saa 24 zilizopita. Usipokuwa na sababu ya kuipa programu hiyo ruhusa, iondoe leo hii, muziki au bila muziki.

Mambo mawili ya haraka

Akaunti ya Spotify inacheza sehemu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu wa nyumbani akibonyeza wimbo kwa akaunti yako, wa kwako unasimama. Na kwa kawaida YouTube kucheza skrini ikiwa imefungwa ni huduma ya kulipia, hivyo usihangaike na betri kwa ajili yake.

Ikishindikana, mwandikie mtengenezaji

Malalamiko ya "programu yenu inakatisha muziki" hayamsaidii, kwa sababu hajui aanzie wapi. Mpe toleo la mfumo, toleo la programu yake, tendo lililosababisha, na mstari ulioukuta kwenye faili. Ujumbe kama huu hufika kwa anayeweza kurekebisha:

"Natumia Android 14. Nikifungua ukurasa wa kwanza wa programu yenu, bila kucheza video yoyote, inaomba zamu ya sauti ya kudumu (req=1) na muziki wangu unasimama bila kurudi. Naomba muombe zamu pale tu sauti inapoanza kutoka, iwe ya muda ikiwa ni mlio mfupi, na muiachie mara inapokwisha. Mstari wa kumbukumbu nimeuambatanisha."

Kwa iPhone badilisha sehemu ya katikati: waombe waiweke programu kwenye kundi la "ambient", na kama ni lazima inyamazishe wengine, itoe taarifa inapomaliza ili muziki uweze kurudi. Kwao hayo ni mabadiliko ya mistari michache.